Nani atabeba maji

Julai 25 nilikuwa kwa kinyozi pale Majengo, hapa Moshi, nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu, na kwenye tivii ya ukutani walikuwa wanaonyesha Siku ya Mashujaa mubashara. Si mnajua inavyokuwaga, gwaride, tarumbeta, ukimya wa dakika moja, halafu Rais anaenda taratibu anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, balozi anaweka shada la maua. Kinyozi alikuwa amezima sauti ya tivii maana spika yake ilikuwa inapiga singeli, kwa hiyo sisi tuliona mkuki unawekwa kwa heshima zote huku singeli inakimbia kama imeiba kitu, nikacheka peke yangu halafu nikaona aibu maana nilikuwa nimekaa na baba mkubwa.

Baba mkubwa alikuwa ameshuka kutoka Uru kuja kliniki ya macho na akasema harudi juu na nywele zile. Ana miaka 68, mwembamba, koti lake la kaunda suti anavaa hata jua likiwaka vipi. Pale benchi tulikuwa watu kama watano, vijana tu ukimtoa yeye, na kwa sababu ya ile tivii maneno yakaenda vitani. Kuna jamaa anauza simu duka la pili, akaanza ooh majirani wakituchokoza (hakutaja majirani gani, kila mtu akaweka wake kichwani) sisi ni wiki moja tu kazi imeisha, akatoa simu akaonyesha video ya droni inaangusha bomu juu ya kifaru huko Ukraine, mwingine akasema vita ya sa hivi ni kubonyeza tu bana, umekaa kwenye kiti unakunywa soda, mwingine akasema mi nipeni ukomandoo, na kinyozi mwenyewe, mashine iko kwenye kisogo cha mteja, akasema yeye angekuwa mdunguaji maana ana macho na mkono wake hautetemeki. Mteja akasema punguza kwanza hapo nyuma ya sikio mdunguaji. Tukacheka sana.

Yaani ndani ya dakika kumi kila mtu alishajipa cheo chake cha vitani, na mimi nimo, nilisema nataka kuwa rubani.

Baba mkubwa alikuwa kimya muda wote. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile mtu anayoulizia bei ya mkungu wa ndizi, "Na maji atabeba nani?"

Watu wakanyamaza kidogo wakijua mzee ana hadithi, wakaona haendelei, wakacheka. Muuza simu akamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, shikamoo kwanza, siku hizi kuna maboza." Baba mkubwa akasema marahaba, haya, na zamu yake ikawa imefika akaenda kukaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa shingoni, hakusema neno mpaka tunatoka.

Huyu mzee alienda Kagera. Pale saluni hakuna aliyejua na mimi sikusema, na hapo ndo sijui kwanini sikusema, labda niliona nikisema watamuuliza uliua wangapi. Mana ndo swali watu wanauliza, nimeshalisikia likiulizwa kwenye msiba kabisa, watu wana sahani za pilau mkononi.

Kwa wale wadogo zangu ambao hata mitihani ya historia mlikuwa mnakariri tu, iko hivi: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka yakachukua kile kipande cha juu ya mto Kagera, yakaua watu, yakapora mpaka kiwanda cha sukari, daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Nyerere akahutubia pale Diamond Jubilee, na ile hotuba kila mtu anaijua kwa kichwa, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Sa hivi mashabiki wa Simba na Yanga wanaiweka status kabla ya dabi. Silaumu, hata mimi nimeiweka. Sisi tukiwa watoto kule Uru tulikuwa na mchezo kabisa, mmoja anakuwa Nduli, yaani Amin, na wengine ndo jeshi letu, na Nduli alikuwa ni yule mdogo kuliko wote ambaye hawezi kukataa, anapigwa mapera mpaka analia bibi anatoka na fimbo. Baba mkubwa alikuwa anapita na majani ya ng'ombe kichwani anatuangalia, hasemi kitu.

Yeye aliondoka mwisho wa 1978 akiwa na miaka 21, mwanamgambo, maana jeshi lenyewe lilikuwa dogo na ilibidi liongezwe haraka, na walioongezwa wengi walikuwa ni watu wa namna yake, wa vijijini, wamefundishwa kushika bunduki ya mbao kwenye uwanja wa shule. Ninachokijua nimekipata vipande vipande kwa miaka mingi, zaidi kwenye mbege, na hata hapo ukimuuliza moja kwa moja anageuza maneno anaongelea ng'ombe. Lori mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, baada ya hapo miguu. Mutukula mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200 na sehemu kubwa ya watu walitembea. Bunduki alikuwa nayo ila anasema kazi yake haswa ilikuwa ni boksi la risasi begani na dumu la maji mkono wa pili, wakibadilishana na mwenzake kila baada ya muda, boksi linahama, dumu linahama, na kwamba kitu kilichomtesa ni ule mkono wa dumu kwa sababu bega linazoea ila vidole havizoei. Ananionyesha vidole. Kidole cha kati mkono wa kushoto hakinyooki mpaka leo.

Nimesoma baadaye kuhusu Lukaya, Machi 10 na 11 mwaka 1979, pigano kubwa kuliko yote ya vita ile, barabara imekatiza kwenye kinamasi, Walibya wamekuja kumsaidia Amin, wetu wakarudishwa nyuma siku ya kwanza halafu wakazunguka wakageuza kibao. Nikamwendea mbio, baba mkubwa we si ulikuwa Lukaya? Akasema ndiyo. Nikasubiri. Akasema, "Kulikuwa na matope." Basi. Huo ndo ushuhuda wote wa Lukaya nilionao kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Kitu kingine alichorudi nacho ni kuhesabu. Anahesabu watu. Akipanda haisi anahesabu abiria kuliko konda, kwenye harusi anahesabu meza, tukitoka shamba la porini kule Kahe jioni anatuhesabu kabla hatujaondoka hata kama tuko watatu. Watoto wa mjini wanamcheka, wanamwita konda mstaafu. Kuna siku moja tu alisema, wala sikuwa nimeuliza, kwamba kule kila jioni walikuwa wanahesabiana na anayehesabu hakuwa anapewa jibu, anapata namba tu.

Sasa mimi kazi yangu, kwa wanaonifahamu humu, nimekuwa mgumu miaka saba kabla sijaanza kupewa usaidizi wa gaidi, yaani muongoza wageni. Wagumu ndo sisi, wapagazi wa mlima Kilimanjaro. Na hapa ndo nataka mnielewe maana bila hii kazi lile swali la maji lingenipita kama lilivyompita muuza simu. Getini Machame asubuhi kunakuwa na mizani imening'inizwa, mnapanga foleni na mizigo, hema, mtungi wa gesi, viti vya kukunja, mayai kwenye trei yamefungwa kama mtoto mchanga, na askari wa hifadhi anasoma mshale, isizidi kilo 20. Ikizidi unatoa kitu. Nimeshaona jamaa anatoa sweta lake mwenyewe ili mzigo wa mgeni upite. Mgeni yeye anapiga picha na bango, na picha ya kileleni ikija kutoka, sisi hatumo, tunakuwa tumeshashuka kambi inayofuata kuchemsha maji. Ni kazi, inalipa kiasi chake, sijaja kulialia hapa. Nasema tu kwamba nikisikia mtu anaongelea vita mimi mawazo yangu yanaenda kwenye mizani.

Na kumbe neno lenyewe mpagazi lina historia hapa hapa tunapokanyaga. Vita ya Kwanza ya Dunia, ambayo wengi tunaijua kama ya wazungu huko Ulaya kwenye mahandaki, ilipiganwa hapa. Walipigana Longido Novemba 1914. Wajerumani walivuka wakashika Taveta, ambayo leo iko Kenya, kuanzia Agosti 1914 mpaka Machi 1916, Moshi ndo ilikuwa ngome yao upande huu kwa sababu reli ya Tanga wakati huo ilikuwa inaishia hapa. Halafu Waingereza wakaja na Jenerali Smuts na Waafrika Kusini wengi, wakapigwa kwanza Salaita Februari 12, 1916, mwezi uliofuata wakapita, wakaingia Moshi, na Machi 21 wakapigana Kahe. Kahe! Tunapolima mahindi. Pale Wajerumani walikuwa na mzinga uliotolewa kwenye meli yao ya Königsberg iliyokwama Rufiji, mzinga wa baharini unapigwa kwenye mapori ya Kahe, na mimi nimeshalala usingizi chini ya mti pale nikisubiri trekta nisijue chochote.

Mzinga wa meli haufiki Kahe wenyewe lakini. Wala chakula hakifiki, wala risasi, kwenye nchi ambayo farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa mbung'o na barabara hakuna na Machi hiyo masika inaanza. Ni watu walibeba. Pande zote mbili walitumia wapagazi kwa malaki, wengine waliandikishwa, wengine walikamatwa tu njiani au chifu aliambiwa leta watu, na upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inakaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaona ni zaidi ya hapo. Uwanja wa Mkapa unabeba 60,000. Ujaze wote, halafu ujaze nusu tena na zaidi. Na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria, njaa. Kuna kitu nilikisoma kikanikaa kwenye koo, watu waliochukuliwa Uganda walikuwa wamezoea ndizi, huko njiani wakawa wanapewa unga wa mahindi na muda wa kuupika uive hakuna, matumbo yakaharibika, wakafa. Mchaga yeyote anayesoma hapa anaelewa. Mtu wa ndizi umpe ugali mbichi, na mzigo kichwani, na mvua.

Kwenye ukoo wetu kuna mmoja. Ndugu yake babu mzaa babu. Alichukuliwa akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, hajaoa, na bibi hajui hata kama waliomchukua ni Wadachi (Wajerumani) au Waingereza, kwake wote walikuwa wazungu na wote walitaka vichwa vya kubebea. Hakurudi. Nyuma ya banda la ng'ombe kuna mstari wa masale, ule mmea wetu Wachaga, kama hatua sita, na masale kwetu ni ya mpaka au ya kaburi au ya kuombea msamaha, sasa huu mstari haupakani na chochote, kila mgeni anayekuja kupima kihamba, shamba letu la ukoo, anauliza huu mpaka ni wa nani. Ulipandwa kwa ajili yake. Na jina lake nimepewa mimi, la kwetu, lile ambalo haliko kwenye kitambulisho.

Nilishawahi kumpeleka mgeni Taveta. Mzee wa Afrika Kusini, mzungu, tulishuka naye mlimani salama, akaniambia nina shughuli moja imebaki, babu wa baba yangu alikufa Salaita na kaburi lake liko Taveta. Tukachukua noah mpaka Holili, tukagonga mihuri, ilikuwa Jumamosi siku ya soko kwa hiyo njia yote imejaa bodaboda zimepakia viroba. Makaburi yenyewe yako karibu na barabara. Jamani pamependeza. Nyasi zimekatwa kama kapeti, mawe yote ya aina moja, jina, namba, kikosi, tarehe. Yule mzee alipata jiwe lake ndani ya dakika tano kwa sababu alikuwa na karatasi inayosema mstari wa ngapi. Dakika tano! Miaka zaidi ya mia, mtu anatoka Johannesburg anashika jiwe. Akavua kofia, akasimama, akatoa kitambaa akafuta vumbi kwenye jina ingawa halikuwa na vumbi.

Halafu akaniuliza, na wewe, una mtu wako hapa?

Nikamwambia wangu hana jiwe, ana masale. Nikamwelezea. Alisikiliza vizuri, akaniuliza jina, nikamtajia, akajaribu kulitamka mara mbili akashindwa, akacheka, akasema samahani, na mimi nikasema usijali hata polisi wanashindwa. Nilitaka kumchukia kidogo ila sikuweza. Alikuwa amefanya kitu ambacho mtu yeyote anapaswa kufanya, kosa lake tu ni kwamba yeye alikuwa na karatasi.

Baadaye nikaja kujua kwamba hata wanaotunza hayo makaburi, tume ya Jumuiya ya Madola, walitoa ripoti 2021 wakakiri wenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, na inaweza kufika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hawakusahaulika kwa bahati mbaya, kuna watu walikaa ofisini wakaamua kwamba hawa jiwe halina haja. Pale Dar ile sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, wapagazi wametajwa kwa pamoja, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na imeandikwa kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Nilisimama pale siku moja nikisubiri mtu wa kunipa mzigo Posta nikasoma mpaka mwisho. Watoto wako. Yule wa kwetu hakuwa na watoto, alikuwa na miaka kumi na saba. Aliyelikumbuka jina ni kaka yake na jembe.

Halafu kuna Kariakoo. Watu wangapi wanajua Kariakoo ni Carrier Corps? Kikosi cha wapagazi. Kambi yao ndo ilikuwa pale, Waswahili wakatamka walivyoweza, basi ikabaki. Ndo mnara wao mkubwa kuliko yote na hakuna aliyeujenga kwa makusudi, kila siku maelfu ya watu wanaingia pale na mizigo kichwani wanapishana na mikokoteni wanasema nipishe mzigo huooo. Hapa Moshi tuna soko la mitumba tunaliita Memorial, neno lenyewe ni kumbukumbu, nikamuuliza mama mmoja ninayenunuaga kwake viatu vya mlimani, mama hii ni kumbukumbu ya nini, akasema kumbukumbu ya bei za zamani baba, lipa uende. (Ni ya King George. Kwa hiyo mfalme naye anauziwa mitumba juu yake, angalau hapo tuko sawa.)

Tukirudi Kagera, maana nilikuwa huko. Kuna jambo la Moshi ambalo linanishangaza jinsi halisemwi. Machi 24 mpaka 26, 1979, wiki mbili tu baada ya Lukaya, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa Moshi, wakaunda umoja wao wa UNLF, wakamchagua Yusuf Lule, na Kampala ilipoanguka Aprili 11 yeye ndo akaenda kuwa rais. Akakaa siku 68 wakamtoa. Nimewauliza watu wazima wa mjini hapa, wengi hawajui kabisa, na baba mkubwa alikuja kujua kama miaka ishirini baadaye, akiwa amekaa kwake Uru anasikiliza redio. Akasema, "Kumbe walikuwa nyumbani?" Yeye yuko kwenye matope na dumu, na watu wanaogawana serikali wako hatua chache kutoka kwa mama yake, wanakula mtori. Hakukasirika, alicheka kweli, ni moja ya mara chache nimemwona anacheka kitu cha vita.

Na walioko nyumbani nao walibeba, hilo bibi hakubali lisahaulike. Nyerere aliwaambia watu wafunge mkanda miezi 18, bibi anasema mkanda ulifungwa wakasahau tundu la kufungulia lilipo. Alikuwa anafua nguo kwa majani ya mpapai maana sabuni hakuna. Foleni ya sukari watu wanaacha jiwe kushika nafasi wanaenda kukata majani ya ng'ombe, ukirudi mtu kasogeza jiwe lako, ngumi. Ukaja unga wa njano wa mahindi kutoka Marekani wakauita unga wa Yanga, na yeye hapo hapo anaongeza kwamba yeye ni Simba na aliula akiwa amefumba macho. Bibi ukimuuliza vita ilikuwa lini hakwambii 1978, anasema vita ilikuwa ile miaka ya foleni. Na kusema ukweli uchumi uliharibika kwa mengi, mafuta yalipanda bei duniani, mambo ya ndani nayo, vita peke yake haikufanya yote, lakini kichwani kwa bibi ni kitu kimoja, mwanawe aliondoka, sabuni ikaondoka.

Nikaja kufikiria sisi wa sa hivi tunajihusisha vipi na haya. Mi nilienda JKT kwa mujibu wa sheria 2013, ule mwaka waliporudisha, kambi moja huko Arusha. Nilirudi nyumbani nimekonda na najiona jenerali, kumbe ukinihoji vizuri, silaha niliishika siku za kuhesabu na ndoo niliishika kila siku. Lakini stori niliyosimulia mtaani ilikuwa ya silaha. Hakuna siku nilisimulia ndoo. Halafu Desemba 7, 2017 wanajeshi wetu wa kulinda amani walishambuliwa kule Semuliki, Kongo, wakafa wasiopungua 14 usiku mmoja. Nakumbuka nilikuwa kwenye haisi natoka Himo, habari imetoka redioni, haisi nzima kimya, mama mmoja akasema Mungu wangu watoto wa watu. Wiki iliyofuata stori mjini ni Krismasi, nauli za kupanda juu zimeongezwa. Na mimi nilikuwa nalalamikia nauli. Siwasemi watu, najisema.

Kwa hiyo siku ile tumetoka saluni, baba mkubwa ananing'inia begani kwangu maana wamemwekea matone kwenye macho haoni vizuri, nikamwambia baba mkubwa ungewaambia wale vijana kwamba ulikuwepo. Akasema, "Niwaambie nini? Wote wameshapata kazi." Tukatembea mpaka stendi. Nikasema labda kweli siku hizi kuna maboza. Akasema boza linahitaji barabara, na barabara ndo kitu cha kwanza kupigwa bomu, daraja la Kyaka lilikuwepo jioni asubuhi halipo. Halafu akaniambia kitu ambacho nimekizungusha kichwani tangu siku hiyo, kwamba yeye alipoondoka Uru alikuwa anajua anaenda kupiga, wote kwenye lori walikuwa wanajua wanaenda kupiga, wakafika wakagawanywa, na watu waliokuwa wanahitajika kupiga walikuwa wachache kuliko watu waliokuwa wanahitajika kubeba. "Ukiona mtu anakuita kwenye vita," akasema, "mwangalie mikono yake, kama haijabeba kitu ujue cha kubeba ni wewe." Hapo konda akawa ameshaanza kuita Uru Uru Uru mmoja, na tulikuwa wawili.

Tulivyokaa akahesabu abiria. Kumi na tisa, kwenye haisi ya kumi na tano. Akatikisa kichwa.

Wiki mbili baadaye nikapanda na kundi la Machame, siku saba, mvua isiyo ya msimu wake, kambi ya Barafu kulikuwa na baridi ya kukata masikio na mgeni mmoja alirudishwa kwa machela, akapona, tukashuka. Nikapitia Uru kuwapa salamu. Watu wote wanaoniulizaga nikitoka mlimani wanauliza wageni walifika kileleni? Tipu mlipata? Baba mkubwa alikuwa amekaa uani anamenya ndizi za kiburu, kisu mkono wa kulia, ndizi ameishikiza na kile kidole kisichonyooka, hakuinua hata kichwa.

"Mlipanda wangapi?"

"Wagumu kumi na wanne, baba mkubwa, na wageni wanne."

"Mmeshuka?"

"Kumi na nane."

Akatupa ganda kwenye beseni la ng'ombe, akachukua ndizi nyingine.